Badiliko la Pili: Mahali Tunapowapoteza Wasichana wa Programu Huria

Kila mradi wa programu huria, yaani programu ambayo maandishi yake ya ndani (msimbo) yako wazi kwa yeyote kuyasoma na kuyarekebisha, una hesabu moja ambayo watunzaji wake hawapendi kuifanya: kati ya watu waliotuma badiliko lao la kwanza mwaka jana, ni wangapi walituma la pili? Waliohudhuria mafunzo idadi yao inajulikana, picha ya pamoja ipo, fulana ziligawiwa. Waliorudi hawahesabiwi.

Kwa Tabora hesabu hiyo ni nzito kuliko kwa Dar es Salaam. Tabora ni mji wa reli, asali, tumbaku na shule za siku nyingi. Haujulikani kwa makampuni ya programu. Binti aliyemaliza stashahada ya kompyuta hapa, asiyetaka kuhama au asiyeweza, ana njia chache za kuonyesha anachokijua. Programu huria ni mojawapo iliyo bora, kwa kuwa kazi yenyewe hubaki hadharani: mstari gani ulibadilishwa, nani aliubadilisha, lini, na watu walisema nini kabla ya kuukubali. Mwajiri wa Arusha au wa Berlin anaisoma bila kuuliza mtu anakaa mtaa gani. Ila badiliko moja halimwambii mwajiri chochote. Linaloanza kusema ni la tano, la kumi. Kumlea mgeni ni kumfikisha huko, na hoja yangu ni kwamba nguvu zetu nyingi tunazimalizia kwenye kuwaita wasichana, wakati wanapotelea hatua inayofuata: kupewa kazi na kujibiwa.

Kuwaita kuna maana, tena kubwa. Mwaka 2006 mradi wa GNOME, unaotengeneza sura anayoiona mtumiaji wa kompyuta zenye mfumo endeshi huria wa Linux, ulipokea maombi 181 ya nafasi za kujifunza kazi zilizofadhiliwa na Google. Halikuwemo hata ombi moja la mwanamke. Watunzaji wake wakatangaza nafasi za dola 3,000 zilizosema wazi kwamba ni za wanawake, na maombi zaidi ya 100 yakaja, wakachukuliwa sita. Mradi ni ule ule, mwaka ni ule ule. Wanawake walikuwepo wakingoja kutajwa. Mbegu hiyo ilifufuliwa mwaka 2010, na tangu mwaka 2015 mpango ulioota kutokana nayo unaitwa Outreachy.

Sasa tazama yanayotokea baada ya mwaliko. Mwaka 2017 GitHub, tovuti ambako miradi mingi huria huhifadhi msimbo wake, iliwauliza watu wapatao 5,500 wa miradi huria maswali kuhusu kazi yao. Wanaume walikuwa asilimia 95, wanawake asilimia 3. Majibu yalionyesha pia kwamba wanawake, kuliko wanaume, hupata msaada kwa mtu wanayemfahamu badala ya kuuliza mbele ya wageni. Mwaka huo huo watafiti wa Marekani walichapisha uchambuzi wa maombi ya kuunganisha mabadiliko, yaani kuomba badiliko lako lipokelewe kwenye mradi: ya wanawake yalikubaliwa kwa karibu asilimia 79, ya wanaume karibu asilimia 75. Lakini kwa watu wa nje ya mradi, pale jinsia ilipotambulika kwa jina au picha, wanawake walikubaliwa kidogo kuliko wanaume. Ukiziweka taarifa hizo pamoja unapata picha moja: uwezo upo, na ugumu uko kwa yule ambaye hana mtu wa ndani anayemjua. Kazi ya mlezi ni kuwa mtu huyo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Warsha zetu humfanya mtu mgeni kwa siku mbili, kisha siku ya tatu humpeleka nyumbani. Mafundi cherehani wa sokoni wanajua zaidi kuliko sisi. Mwanafunzi wao hapewi kitenge cha mteja akikate siku ya kwanza, wala haketishwi kusikiliza historia ya cherehani. Anaanza kufumua mishono, kutia vifungo, kupiga pindo. Kifungo ni kidogo, lakini ni cha gauni la mtu kweli, na kikilegea mteja anarudi. Jembe la programu huria linatakiwa liwe hivyo: dogo, na la kweli.

Kuliandaa jembe hilo ndiko kunakokula muda wa mlezi, na hapa wengi hukwepa. Kazi ya kuanzia iliyoandikwa "rekebisha ukurasa wa kuingia" haifai. Inayofaa hueleza hitilafu ni ipi, hatua za kuirudia hadi uione kwa macho yako, iko kwenye faili gani na karibu na mstari upi, matokeo sahihi yaweje, jaribio gani la kuendesha ili kuhakikisha, na jina la mtu wa kumuuliza. Mtunzaji anayeimaliza kazi kwa dakika 15 ajue kwamba itamchukua mgeni saa 3 au 4, na kuiandika vizuri kutamchukua yeye mwenyewe nusu saa. Hesabu hiyo huwatisha watunzaji: nusu saa ya kuandika kwa ajili ya kazi ya dakika 15! Ndiyo gharama yenyewe. Anayeikataa, afadhali asitangaze kwamba mradi wake unapokea wageni.

Kwa kila mgeni ziandaliwe kazi tatu kabla hajafika, zenye uzito wa kupanda. Ya kwanza ni ya kujifunza njia tu: kosa la tahajia kwenye ujumbe wa programu, au hatua iliyopitwa na wakati kwenye maelekezo ya kusimika. Zipo tele, katika uchunguzi ule wa 2017, asilimia 93 walilalamikia maelezo pungufu au ya zamani. Ya pili iguse msimbo na jaribio lake. Ya tatu imlazimu kusoma faili mbili au tatu na kuuliza swali. Mgeni akiichukua kazi, ishikiliwe kwa jina lake siku 10. Siku ya 7 aulizwe kwa upole amefikia wapi, siku ya 10 iachiwe, naye aambiwe anaweza kuchukua nyingine. Bila ukomo, kazi zote nzuri hubaki mikononi mwa watu waliokwisha kukata tamaa kimyakimya.

Kuna jembe bandia la kuogopwa. Ni pale mafunzo yanapomalizika kwa kila mmoja kuongeza jina lake kwenye faili la utangulizi la mradi wa watu ili ahesabiwe amechangia. Oktoba 2020, tamasha la Hacktoberfest lilipoahidi fulana kwa wachangiaji, miradi mingi ilifurikwa na maombi ya kubadilisha neno moja bila sababu, hadi waandaaji wakaweka kanuni kwamba mradi ushiriki kwa hiari yake tu. Mtunzaji aliyefuta maombi 50 ya aina hiyo hana tena uvumilivu kwa la 51, ambalo huenda ni la binti aliyelihangaikia wiki nzima.

Baada ya jembe, jibu. Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, ilipochunguza wachangiaji wake iliona kwamba waliopitiwa kazi yao ya kwanza ndani ya saa 48 walirudi kwa wingi, na waliosubiri zaidi ya siku 7 karibu wote hawakurudi. Mtu anayefanya kazi ofisini na wenzake humaliza shaka kwa kugeuza kiti. Aliye peke yake Kaliua au Sikonge anaujaza ukimya kwa maelezo yake mwenyewe, na maelezo yanayokuja kwanza ni "nimekosea, wananicheka". Kama hamna nafasi ya kupitia leo, andikeni mstari mmoja: nimeiona, nitaipitia Jumamosi mchana. Kisha Jumamosi ipitieni.

Mapitio ya kwanza yawe na maoni matatu, yasizidi, na kila moja liwe na alama ya lazima au ya hiari. Mlezi asiandike upya msimbo wa mgeni. Kishawishi ni kikubwa, hasa saa 5 usiku ukiwa umechoka, lakini ukishauandika wewe, umemfundisha kwamba wake haukufaa. Lugha ya mapitio nayo ifunguliwe. Watunzaji wa nje huandika vifupisho ambavyo hakuna kitabu cha shule kilivifundisha: LGTM, yaani nimeangalia naona sawa; "nit", yaani kasoro ndogo isiyozuia kazi kupokelewa; "rebase", yaani hamishia tawi lako (mabadiliko unayoyafanya kando) juu ya hali mpya ya tawi kuu la mradi. Karatasi moja yenye maneno 20 ya namna hiyo kwa Kiswahili huokoa wiki nzima za wasiwasi. Binti anayesoma "nit" na kudhani ametukanwa hatakuuliza. Ataondoka.

Yapo pia mambo ya vifaa, na hayo kwetu ni nusu ya ulezi. Mradi uchaguliwe kwa kompyuta iliyopo. Kuijenga LibreOffice, programu ya ofisi, kutoka kwenye msimbo wake kunataka makumi ya GB za diski na saa nyingi. Kompyuta mpakato ya mtumba yenye RAM ya GB 4 haiwezi, na mgeni ataamini kwamba yeye ndiye asiyeweza. Miradi midogo ya lugha ya programu ya Python au ya kurasa za wavuti inakwenda vizuri kwenye mashine hiyo ikiwekewa Linux nyepesi.

Bando nalo. Kupakua mradi mzima na historia yake kwa kila mwanafunzi wa maabara ni kuchoma fedha. Mlezi apakue mara moja, kisha afunge hazina yote, yaani mradi na historia yake, katika faili moja kwa Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko, kwa amri ya `git bundle create mradi.bundle --all`. Faili hilo huingia kwenye flashi na linaweza kupanda treni hadi Urambo au Kigoma. Mpokeaji anatoa nakala kwa `git clone mradi.bundle`, halafu anaielekeza kwenye anwani halisi ya mtandaoni kwa `git remote set-url origin` ikifuatiwa na anwani yenyewe. Tangu hapo atakayoyatuma na kuyapokea ni mabadiliko tu, mara nyingi KB chache, na hotspoti ya simu inatosha. Vifurushi vya Python, yaani vipande vya msimbo vilivyo tayari ambavyo mradi huvitegemea, hufanyiwa hivyo hivyo: `pip download` kwenye mashine moja, na kusimika kwingine kwa `pip install --no-index --find-links` ikifuatiwa na folda vilimo. Kinachoharibika hapo ni tofauti ya toleo la Python au mfumo endeshi kati ya mashine mbili. Vifurushi vilivyopakuliwa kwenye Linux mara nyingi havitakubali kwenye Windows. Mikutano ifanyike kwa sauti bila picha, kwa kuwa saa moja ya video hula mamia ya MB.

Makosa ya siku ya kwanza karibu yote yanajulikana, basi yatangulizwe. Anayetumia Windows bila kuweka `core.autocrlf` kuwa `true` anaweza kubadilisha herufi moja na Git ikaonyesha faili zima limebadilika, kwa sababu ya alama za mwisho wa mstari; mtunzaji wa mbali huona uharibifu na kukataa. Anayefuata video ya zamani huandika nywila na kugomewa, maana GitHub iliacha kupokea nywila kwa kazi za Git tangu tarehe 13 Agosti 2021: inataka tokeni au ufunguo wa SSH, vitambulisho vya siri vinavyotengenezwa badala ya nywila. Anayefanya kazi moja kwa moja kwenye tawi kuu la nakala yake hukwama akitaka kuanza kazi ya pili, kwa kuwa ya kwanza bado imo. Dakika 20 za kuyaonyesha hayo zina faida kuliko saa 2 za hotuba juu ya fursa za kidijiti.

Kwa wanawake liko jambo la zaidi. Kila badiliko linalohifadhiwa na Git hubeba jina na baruapepe ya aliyelifanya, na likishatumwa hadharani halifutiki kirahisi. Wapo wanaookota anwani hizo na kuanza kuwaandikia wasichana mambo yasiyo ya kazi. GitHub ina anwani ya kuficha baruapepe halisi, pamoja na chaguo la kuzuia kutuma badiliko lenye anwani ya kweli. Hayo yawashwe kabla ya badiliko la kwanza, kwa sababu kuyawasha baadaye hakuyagusi yaliyopita. Jina la kuonekana na picha ni hiari ya mwenyewe. Mlezi asimshinikize mtu kujitambulisha kuwa mwanamke ili mradi upate sifa. Uthibitisho wa hatua mbili, ambao GitHub ilianza kuwataka wachangiaji wauweke mwaka 2023, nao una mtego: simu ikiibiwa, ikiuzwa au ikiwa ya kushirikiana na dada, akaunti inafungwa na kazi ya mwaka mzima nyuma yake. Misimbo ya kujiokoa iandikwe kwenye karatasi siku ile ile na iwekwe pamoja na vyeti.

Nije kwenye tafsiri, kwa kuwa ndiko mabinti wengi huelekezwa. Kiswahili ni mlango halali na wa heshima; mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Tena hapa mgeni wa Tabora anajua asichokijua mhandisi wa Berlin. Chukua ujumbe wa programu unaosema kitu fulani kimefutwa, ambapo alama ya `%s` inashika nafasi ya jina la kitu. Kiingereza hutumia ujumbe mmoja kwa vyote. Sisi picha imefutwa, ujumbe umefutwa, mtumiaji amefutwa, jedwali limefutwa. Mtafsiri asiyejali ataandika "%s imefutwa" na programu itazungumza kama mtu aliyejifunza Kiswahili jana. Anayeijua lugha atageuza kitenzi: "Umefuta %s", na ngeli haitasumbua tena. Au ataandika kwa watunzaji kwamba ujumbe huo ugawanywe, na hilo tayari ni pendekezo la msimbo. Kwa kutumia Weblate, jukwaa la kutafsiri programu mtandaoni, kazi hiyo hufanyika hata kwenye simu janja. Kitu kisichoguswa ni alama kama `%s` na `%d` (nafasi ya namba). Ikidondoka moja, programu inaweza kuanguka.

Hatari ni kumwacha hapo. Katika miradi mingi wanawake hujikuta wakitafsiri, wakiandika kumbukumbu za vikao, wakipanga mikutano na kuwapokea wageni wengine, huku wanaume wakiandika msimbo na kushika ufunguo wa kuunganisha. Ni jiko la mradi, na kama majikoni kwetu, bila lile hakuna anayekula, na sifa huenda sebuleni. Napendekeza kanuni mbili zisizopindwa. Kazi hizo ziandikwe kwa majina kwenye taarifa ya kila toleo jipya, sawasawa na msimbo. Na kila anayezifanya aulizwe baada ya miezi mitatu kama anataka kazi ya msimbo, kisha apewe mlezi wa kumvusha. Anayependa tafsiri abaki, awe kiongozi wa tafsiri mwenye haki ya kuidhinisha. Asiyependa asifungiwe humo kwa sababu anaifanya vizuri.

Mlezi mmoja awe na wageni 2, wasizidi 3, kwa wiki 12, na atenge saa 5 kila wiki. Wasichana waingie wawili wawili. Aliye peke yake katika kundi la wavulana 10 hana wa kumuuliza swali la kijinga. Wakutane mahali pa wazi, maktaba au maabara ya chuo, na mzazi apate barua fupi yenye mahali, saa ya kuanza na kumaliza, na simu ya mlezi wa kike. Mzazi anayekataa binti yake aende "kufanya kompyuta" na kijana asiyemjua ana haki kabisa. Saa nazo zitajwe kwa usahihi: kikao cha saa 16:00 UTC (saa ya pamoja ya kimataifa) ni saa 1 usiku kwetu, wakati wa kupika na kuogesha watoto, na wa giza njiani kwa atokaye maabara. Wengi wameingia kikaoni wakakuta kimekwisha kwa kuhesabu saa za Kiswahili juu ya tarakimu za UTC. Maamuzi yafanyike kwa maandishi, yakae wazi siku 3, ili asiyefika kikaoni naye awe na sauti.

Kanuni za maadili miradi mingi inazo. Contributor Covenant, mfano wa kanuni hizo, ilianza mwaka 2014, hata Linux yenyewe iliichukua mwaka 2018. Inayokosekana mara nyingi ni anwani ya mtu. Yawekwe majina mawili, mmoja mwanamke, ili lalamiko dhidi ya mmoja lipelekwe kwa mwingine. Lipokelewe kwa Kiswahili, hata kwa ujumbe wa sauti, na adhabu ziwe zimeandikwa kabla ya kosa kutokea.

Kwa anayelenga Outreachy, ambayo hulipa dola 7,000 kwa miezi mitatu ya kazi kutoka nyumbani, kalenda ianze mapema. Kwa kawaida kuna duru mbili kwa mwaka, ya kuanzia Mei au Juni na ya kuanzia Desemba, na waombaji huulizwa ratiba yao ya masomo. Mwenye masomo ya kutwa kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho hukataliwa. Vyuo vyetu vingi huwa na mitihani kati ya Juni na Julai, hivyo wanaomaliza mwaka wa mwisho, au waliokwisha maliza, wana nafasi nzuri kuliko wa mwaka wa pili. Baada ya ombi la awali hufuata wiki kadhaa za kuchangia mradi mbele ya walezi, na hapo ndipo mtu huchaguliwa. Aliyekwisha pita kazi zile tatu Tabora anaingia akijua njia.

Badiliko lake la tatu likishaunganishwa, apewe haki ya kupanga na kuwekea lebo hitilafu zinazoripotiwa, ngazi ambayo GitHub inaitenganisha na haki ya kuandika kwenye hazina. Baada ya la kumi aanze kupitia kazi za wengine, naye apewe wageni wawili wake, mlezi wake wa kwanza akiwa nyuma yake kwa wiki nne. Kazi za kuanzia za hao wawili aziandike yeye, kwa kuwa ndiye anayekumbuka bado ni mstari gani wa maelekezo uliomkwamisha.